Warushaji wa besiboli ya fantasi: usimtupe mtu Aprili kwa sababu ya ERA

Mkuu, umeuliza mambo mawili na mzizi wake ni mmoja. Mrushaji uliyemchukua raundi ya tatu ya kuchagua wachezaji ameshaanza mechi tatu na ERA yake (wastani wa mikimbio, yaani alama za wapinzani, anayoruhusu; ndogo ndiyo nzuri) imevuka 8. Kwenye orodha ya wachezaji walio huru kuna kijana ambaye hakuna aliyemchagua, ana ERA chini ya 1 baada ya mechi mbili, na wenzako wanakuhimiza umnyakue kabla hajachukuliwa. Unataka kujua kama umwache wa kwanza umchukue wa pili.

Usimwache. Kijana mchukue ukiwa na mtu mwingine wa kumtoa benchi, lakini yule wa raundi ya tatu abaki mpaka uangalie mambo nitakayoyataja hapa. Nacheza ligi ya timu 12 na wafanyakazi wenzangu huku Minnesota, misimu kadhaa sasa, na kila Aprili naona watu wakigawa warushaji wao wazuri kwa bei ya kutupa. Ifikapo Agosti warushaji haohao ndio wanaowapiga.

Kwa wanaopita kwenye uzi bila kuujua mchezo huu: kila mmoja anaunda timu yake ya karatasi kwa wachezaji halisi wa ligi kuu ya Marekani, na takwimu za mechi halisi ndizo zinazompa alama. Kwa upande wa warushaji, ligi nyingi huhesabu vitu vitano: ushindi, kusevu (kulinda uongozi mwishoni mwa mechi), straikauti (kumtoa mpigaji kwa straiki tatu), ERA na WHIP. ERA ni wastani wa mikimbio anayoruhusu mrushaji kwa kila inningi tisa (vipindi tisa vya mechi nzima), bila ile iliyotokana na makosa ya wenzake uwanjani. WHIP ni wapigaji wangapi wamefika beisi kwa kila inningi, ama kwa kupiga ama kwa kupewa beisi ya bure baada ya mirusho minne mibaya.

Tuanze na hiyo ERA inayokutisha. Mrushaji wako ana kama inningi 15 hivi. Tuseme ameruhusu mikimbio 14, ERA yake ni 8.40. Sasa ondoa inningi moja tu mbovu ya mikimbio 6, zinabaki inningi 14 na mikimbio 8, na ERA inashuka hadi 5.14. Yaani inningi moja, pengine dakika ishirini za jioni moja, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hofu yako. Mwezi Agosti akiwa na inningi 130, inningi kama hiyo ingemezwa bila mtu kugundua.

Halafu kuna suala la mpira ukishagongwa. Mwaka 2001 Voros McCracken alitoa hoja iliyowatikisa wengi: mrushaji ana uwezo mdogo sana wa kuamua kama mpira uliogongwa na kubaki uwanjani utadakwa au utaangukia nafasi. Anachokitawala zaidi ni straikauti, beisi za bure na homurani (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja). Hoja hiyo imepunguzwa makali baadaye, lakini kiini chake kimebaki, na kipimo cha FIP, kinachosomwa kama ERA lakini kinahesabu mambo hayo anayoyatawala tu, kimejengwa juu yake. Katika ligi nzima, mipira iliyogongwa ikabaki uwanjani huwa hiti, yaani mpigaji anafika beisi salama, karibu mara 29 au 30 katika kila 100. Mwangalie huyo kijana wako wa ERA chini ya 1. Ukikuta kwake ni 12 au 15 katika 100, jua wenzake wanadaka kila kitu na mipira inaangukia mikononi mwao. Haiwezi kuendelea hivyo hadi Septemba.

Karibu haiwezi. Ronel Blanco wa Houston Astros alianza msimu wa 2024 kwa mechi nzima bila kuruhusu hiti hata moja, tarehe 1 Aprili dhidi ya Toronto Blue Jays. Watu wa hesabu walisema atashuka, na FIP yake kweli ilibaki juu ya 4. Alimaliza mwaka na ERA ya 2.80 na ushindi 13. Kwa hiyo simdharau mtu anayemkimbilia mrushaji aliyeanza vizuri. Mmoja kati yao huwa anadumu. Ninachosema ni bei ya kulipa. Kumchukua bure kutoka kwa walio huru, ndiyo. Kumwachia mtu wa raundi ya tatu kwa ajili yake, hapana.

Hesabu ninayoitegemea Aprili ni hii. Chukua straikauti zake, toa beisi za bure, gawa kwa idadi ya wapigaji aliokutana nao. Mtu aliyekutana na wapigaji 72, akawatoa 20 kwa straiki tatu na kuwapa 4 beisi ya bure, anabaki na 16 juu ya 72, yaani asilimia 22. Wastani wa ligi ni kama asilimia 14. Mtu wa 22 mwenye ERA ya 8 ndiye ninayemtafuta kwa wenzangu wakati wa kubadilishana wachezaji, tena nampigia simu mwenye naye usiku uleule aliopigwa. Akiwa chini ya 10, hata ERA yake ikiwa 1.50, simgusi. Hesabu hii naipenda mapema kwa sababu straikauti hutulia haraka: baada ya wapigaji 70 hivi, yaani mechi tatu, tayari zinaanza kukuambia ukweli. ERA inahitaji karibu msimu mzima.

Jambo la pili ni kasi. Takwimu za kila mrusho zipo wazi kwenye tovuti ya Baseball Savant, bure, na hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kusoma maoni ya mtu yeyote, yangu yakiwemo. Linganisha mpira wake wa kasi wa mwezi huu na wa Aprili iliyopita. Usilinganishe na wa Julai, maana warushaji wengi huanza taratibu na kuongezeka joto likija. Ikiwa mwaka jana Aprili alirusha maili 96 kwa saa na sasa ni 95.5, lala usingizi. Ikiwa ni 94 au chini ya hapo, na ameshuka mechi zote tatu, hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi wa kweli, kwa sababu mara nyingi bega au kiwiko huanza kusema kwa njia hiyo kabla klabu haijatangaza chochote.

Ila kasi peke yake haitoshi. Sandy Alcantara wa Miami Marlins alikuwa mrushaji bora wa National League, nusu moja ya ligi kuu (nyingine ni American League), mwaka 2022, akapasuliwa kiwiko Oktoba 2023 na kukosa msimu wote wa 2024. Aliporudi 2025 kasi ilikuwepo, lakini uwezo wa kuuweka mpira pale anapotaka ulichelewa sana, beisi za bure zikaongezeka, na alimaliza na ERA ya 5.36. Mrushaji anayetoka kwenye upasuaji huo mimi namhesabia kama nusu ya jina lake kwa msimu wa kwanza.

Na kuna watu wasiohitaji kasi kubwa. Nenda Target Field, uwanja wa Minnesota Twins, siku Joe Ryan akirusha, au mtazame kwenye runinga kamera ikiwa nyuma yake. Mpira wake wa kasi ni maili 93 au 94, wa kawaida kabisa kwa ligi ya leo. Lakini anauachia mkono ukiwa chini sana, mpira unasafiri karibu sambamba na ardhi, na wapigaji wakubwa wanapitisha gongo chini yake. Unaona uso wa mpigaji anavyoshangaa. Alikuwa na uhakika ameupata. Mtu anayesoma safu ya kasi tu angempita Ryan kila mwaka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa mrushaji aliyeanza vibaya ni Blake Snell. Alikuwa ametoka kushinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya 2023 akiwa na San Diego Padres, kisha mazungumzo ya mkataba yakaburuzwa, na San Francisco Giants wakamsaini ikiwa imebaki wiki moja na kidogo msimu uanze. Hakupata mechi za maandalizi Arizona kama wenzake. Mechi zake tatu za kwanza alikuwa na ERA ya 11.57, akaumia msuli wa ndani ya paja, akarudi, akaumia tena. Baada ya mechi sita alikuwa hana ushindi na ERA ilikuwa 9.51. Katika ligi yetu aliachwa kabisa, akakaa kwenye orodha ya walio huru kama mtu asiye na jina. Alirudi Julai. Tarehe 2 Agosti aliwarushia Cincinnati Reds mechi nzima bila hiti, na katika mechi zake 14 za mwisho ERA yake ilikuwa 1.23. Sababu ya kuanza vibaya ilikuwa inaonekana na kila mtu: mwili haukuwa tayari. Ndiyo maana nakuuliza, wako alikuwa wapi Februari na Machi? Alisaini lini? Aliumwa? Anajaribu mrusho mpya ambao bado haujamkaa mkononi? Kama kuna sababu inayopita, subiri.

Ushindi usiuangalie kabisa wakati huu. Jacob deGrom mwaka 2018 alikuwa na ERA ya 1.70 na rekodi ya ushindi 10 kwa kupoteza 9, kwa sababu New York Mets walikuwa hawamfungii mikimbio. Garrett Crochet ndiye anayenionyesha hili vizuri zaidi. Siku ya ufunguzi 2024, akiwa Chicago White Sox, aliingia kuanza mechi yake ya kwanza kabisa katika ligi kuu. Kabla ya hapo alikuwa mrushaji wa kuingia katikati ya mechi. Aliwatoa Detroit Tigers 8 kwa straiki tatu katika inningi 6, akaruhusu mkimbio mmoja, na White Sox wakapoteza 1-0. Aliyekuwa upande wa pili ni Tarik Skubal, ambaye mwaka huohuo alitwaa Cy Young ya American League. White Sox walipoteza mechi 121 msimu ule na Crochet akamaliza na 6 kwa 12, akiwa na straikauti 209 katika inningi 146. Mwaka uliofuata akiwa Boston Red Sox alikuwa 18 kwa 5. Waliomsoma kwa straikauti walimpata mapema. Waliosoma safu ya ushindi walimwona alipokuwa ameshapanda bei.

Viwanja navyo vinahusika. Aprili huku kwetu ni baridi, Target Field haina paa, na utamwona mrushaji akipuliza vidole katikati ya mirusho. Mpira hausafiri mbali kwenye baridi, kwa hiyo homurani hupungua, ingawa kuushika mpira vizuri kwa ajili ya mirusho inayokata kona huwa kazi. Kinyume chake ni Coors Field ya Denver, mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka zaidi na unapinda pungufu ya kawaida, na uwanja ni mpana ajabu hivyo hiti zinaanguka kila mahali. Mrushaji wako akienda Denver, mweke benchi, jina lake liwe kubwa vipi. Nikuonyeshe gharama yake: tuseme wiki hii timu yako imerusha inningi 50 na kuruhusu mikimbio 20, ERA ni 3.60. Mtu mmoja akaingia Denver, inningi 2, mikimbio 7. Unafika 4.67, na WHIP nayo imeshaondoka. Wiki nzima imeharibika kwa straikauti mbili tatu ulizokuwa unazitamani.

Suala la majeraha nitalipitia haraka kwa sababu hakuna anayeliweza. Shane Bieber alianza 2024 kwa inningi 12 bila kuruhusu mkimbio, straikauti 20, kila ishara ninayoitafuta ilikuwepo. Akatangazwa kwenda kupasuliwa kiwiko. Wiki hiyohiyo Spencer Strider wa Atlanta Braves, aliyekuwa na straikauti 281 mwaka uliotangulia na huenda ndiye mrushaji wa kwanza kuchaguliwa kwenye ligi nyingi, naye akawa amemaliza msimu. Upasuaji huo wa kiwiko unaitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa na Dkt. Frank Jobe mwaka 1974, na mtu hukaa nje mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo mapema huwa nachukua wawili wa kutegemewa, kisha nagawanya hatari kwa vijana wa raundi za mwisho, na nafasi ya majeruhi siiachi ikae na mtu nisiyemhitaji.

Sasa turudi kwa wako. Fungua ukurasa wake, uweke hapa vitu vitatu: wapigaji aliokutana nao pamoja na straikauti na beisi za bure, kasi ya mpira wake wa kasi mwezi huu na Aprili iliyopita, na timu mbili zinazofuata kwenye ratiba yake pamoja na uwanja. Kama tofauti ya straikauti na beisi za bure inafika asilimia 18 na kasi haijashuka zaidi ya maili moja, mwache kwenye timu na umwanzishe mechi ijayo isipokuwa ni Denver. Kama kasi imeshuka maili mbili, mbakishe benchi, usimtupe, na mtafutie mtu wa kubadilishana naye anayeangalia jina peke yake. Kijana wa ERA chini ya 1 naye weka namba zake hizohizo, nitakuambia ningemtoa nani kwa ajili yake.