Kwa nyinyi mnaoanza kazi ya kufukua mtaro wa Auji

Vijana, siku ya kwanza mtaona eskaveta inachota tope, tipa zimepanga laini, na mtadhani kazi ni kuhesabu tipa ngapi zimetoka. Maji haihesabu tipa. Maji inataka pa kushukia, na hapa Kisumu kuanzia Nyalenda kwenda ziwani ni tambarare tupu, mteremko ni kidogo sana, kwa hivyo ukichimba mahali pamoja chini kuliko pale mbele umetengeneza bwawa, maji itakaa hapo na mbu watakushukuru.

Ndio maana tunaanzia chini, upande wa ziwa kwenye magugu yanajibana mdomoni, halafu tunapanda. Ukianza juu unawasukumia wa chini maji mbio na wao njia bado imeziba. Na kabla opareta ashushe ndoo uliza sakafu ya kalvati, ile njia ya maji inayopita chini ya barabara, iko levo gani, kwa sababu hiyo ni simiti, haichimbiki, ukienda chini yake hilo shimo litajaa tope tena bure. Leteni mashine ya levo, ile ya kupima kimo cha sakafu, msome fimbo yake ya vipimo kila baada ya mita chache, muandike. Wazee wa kazi watakwambia jicho linatosha, wewe pima tu.

Sasa tope yenyewe. Kontrakta mwenye haraka anaimwaga hapo hapo ukingoni, anapiga picha, ameenda. Mvua ya kwanza inairudisha yote ndani. Tena udongo wetu ni huu mweusi wa pamba, ukikauka unapasuka, ukilowa unateleza, ukiubebesha rundo la tope ukingo wote unaweza kuingia mtaroni pamoja na eskaveta iliyosimama karibu. Pande zikatwe zikilala, sio wima kama ukuta. Tope iachwe ichuje maji mbali na ukingo ndio ibebwe, la sivyo tipa inamwaga nusu barabarani na mama mboga wakikutukana wako na haki.

Halafu watu. Nduma zimepandwa ndani ya mtaro, paipu za maji zinakatiza juu juu, vyoo vingine vinamwaga humo. Pita na mzee wa mtaa siku mbili tatu kabla, muonyeshe watu mashine itafika wapi. Ukikata paipu ya ploti nzima bila kuongea na mtu, omera, hiyo siku hakuna kazi. Sheria ndio inataka ukingo wa mto uachwe angalau mita 6, lakini kumwambia mtu hivyo ukiwa umesimama mlangoni kwake sio kazi ya kibarua, wachia ofisi.

Gambuti na glavu nzito, hata jua liwake vipi. Mle ndani kuna chupa, sindano, mkojo wa panya, kichocho. Usiingie kalvati peke yako, tope ikikorogwa inatoa gesi inanuka mayai viza, na harufu ikipotea ghafla usidhani gesi imeisha, ni pua imechoka, toka mbio.

Na msidanganye wakaaji. 2020 ziwa lilipanda, 2024 likapanda tena, na likipanda maji ya mtaro inakosa pa kwenda inarudi nyuma hata kama mmefukua vizuri aje. Mtaro safi unaharakisha maji ya mvua, haushushi ziwa. Mama akikuuliza kama mwaka huu anaweza kulaza godoro chini, mwambie aweke tu matofali chini ya kitanda.