Kereng'ende wa Ngezi mwenye miguu myeupe

SWALI: Asalamu alaykum. Nasomesha darasa la sita hapa Konde. Tulipowapeleka wanafunzi msitu wa Ngezi waliona kando ya mto kereng'ende mwembamba kama sindano, miguu yake myeupe. Mtembeza wageni akasema hapatikani kwengine duniani. Ni kweli?
Mwalimu, Konde, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Ni kweli, na wanafunzi wako wana bahati. Jina lake la kitaalamu siku hizi ni Proplatycnemis pembipes (mwanzo aliitwa Platycnemis pembipes), na maelezo yake yalichapishwa 2007 tu. Dume ndiye mwenye miguu ile, imetanuka ikawa bapa. Akitua hufunga mbawa mgongoni. Kereng'ende wa zile aina kubwa huzitandaza.

Linalonistaajabisha mimi ni udugu wake. Ungedhani jamaa zake wako Tanga, ng'ambo ya mkondo tu. La! Wa karibu zaidi wako Madagaska, zaidi ya kilomita 1,000 baharini, na wataalamu wanaona wazee wake waliletwa na upepo. Si peke yake. Mpapindi, mti wa jamii ya minazi wa humo humo Ngezi, ukoo wake uko Madagaska, na popo wetu wa Pemba hana wa jenasi yake hata mmoja bara Afrika.

Mkirudi, waambie watoto wachuchumae watazame majini. Mtoto wa kereng'ende huyu hana mbawa. Anaishi chini ya maji, anawinda vidudu, na mkiani ana vijani vitatu vya kupumulia. Akikomaa hupanda juu ya mmea, akajivua gamba, akaruka. Mkimwona dume kamshika jike shingoni, nyamazeni: jike anatia mayai ndani ya mmea.

Kwa hiyo mto wenyewe ndio nyumba yake. Mashamba ya mikarafuu yalishachukua sehemu kubwa ya misitu ya Pemba, na Ngezi ndio msitu mkubwa uliobaki. Miti ya ukingoni ikikatwa kwa kuni na nguzo, jua linapiga maji moja kwa moja na udongo unaporomokea mtoni. Hapo mdudu huyu hana pa kuhamia, maana hana Ngezi ya pili.

Msimkamate kwa wavu, tafadhali. Mpigeni picha kwa simu, muandike tarehe na mahali mlipomwona, kisha muwaachie nakala watu wa misitu pale langoni.