Mboga ya pwani usiitie chumvi, mi nilishaumbuka

Jamani mi ni mtu wa Dodoma, nimeolewa Bagamoyo, na miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nikipita ufukweni Mlingotini naona yale majani manene manene yanatambaa mchangani, mashina mekundu, viua vidogo vya pinki, nikajua magugu tu. Wifi ndo akaniambia hiyo mboga ya pwani, inaliwa. Basi nikachuma mfuko mzima nikaipika kama mchicha, kitunguu, nyanya, na chumvi kijiko kizima. Baba mkwe akala tonge moja, akanywa maji, akanywa tena, afu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii umepikia maji ya bahari?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe ule mmea unanyonya chumvi ya mchangani na kuitunza ndani ya majani, ndo maana yamejaa maji hivyo. Likitafunwa bichi linalia kach! na chumvi imo humo humo. Kwa hiyo hata uoshe ndoo kumi haitoki, dawa yake ni kuchemsha kwa maji mengi, unamwaga, unatia mengine, unachemsha tena, unamwaga, afu ONJA. Ikiwa bado rudia. Baada ya hapo ikamue, kaanga kitunguu kidogo, mimina tui, pilipili moja nzima, ndimu mwishoni ukishaepua. Na dagaa wa chumvi usiweke kabisa, utarudi kule kule kwangu. Wenye presha nyie onjeni tu kwa sahani ya jirani.

Kuchuma, kata ncha changa za urefu wa kidole, using'oe. Kila pingili ikigusa mchanga inatoa mizizi na ndo inashika ule mchanga usiende na maji, na bahari yenyewe mnaiona inavyokula ufukwe. Usichanganye na mlakasa, ule wenye jani kama kwato la mbuzi na ua la zambarau, ule sio mboga.

Kingine, usichume karibu na mtaro wa maji machafu au wanapopaka rangi maboti, hata kama hapo ndo imestawi. Mmea huu unanyonya na madini mabaya kama risasi, tena wataalamu wanaujaribu kusafishia udongo uliochafuka, sasa wewe uupeleke mezani?

Siku hizi napika karibu kila wiki. Baba mkwe anakula, ila kabla hajanawa lazima aulize, "Umeionja?"