P46: hesabu kurasa kabla ya kusoma maneno

Wanafunzi wengi wakifungua picha za nakala ya kale iitwayo P46 hukimbilia mstari wanaoupenda, waone kama unalingana na Biblia zao. Ninyi mnaoanza nawasihi msianzie hapo. Anzeni na jinsi kitabu chenyewe kilivyoundwa.

P46 ni nakala ya Kigiriki ya nyaraka za Paulo kwenye mafunjo, iliyopatikana Misri. Majani 56 yako maktaba ya Chester Beatty, Dublin, na 30 yako Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mtengenezaji alipanga karatasi 52 moja juu ya nyingine, akazikunja zote pamoja katikati, akapata majani 104. Kwa hiyo kila jani la mwanzo lina pacha wake mwishoni. Majani 7 ya mbele yamepotea, nasi tunajua kuwa nyuma pia yamepotea 7, yaani kurasa 14, baada ya 1 Wathesalonike.

Je, nyaraka kwa Timotheo na Tito zilikuwamo humo? Wataalamu wengi, tangu Frederic Kenyon, mtaalamu Mwingereza wa nakala za kale, alipoichapisha miaka ya 1930, wameona nafasi ya kurasa hizo isingetosha. Lakini tazameni kurasa za nusu ya pili: maandishi yanabanana, mistari inaongezeka. Mnakili aliona karatasi zinamwishia. Angeweza pia kuongeza karatasi mwishoni. Basi mtu akiwaambia kwamba P46 “ilizikataa” nyaraka hizo, mwombeni awaonyeshe ukurasa unaosema hivyo. Haupo. Kurasa zilizopotea si ushahidi wa kukataa, na jambo hili naona linavurugwa mno darasani.

Kisha someni pamoja na vichwa vya nyaraka. Katika Waefeso 1:1, penye maneno “walioko Efeso” tuliyoyazoea, P46 haitaji Efeso, kama ilivyokuwa kwa wanakili wa kwanza wa Kodeksi ya Sinai na ya Vatikani, nakala mbili za Biblia ya Kigiriki za karne ya nne. Anayeishia hapo atasema mnakili hakujua waraka huu ulikuwa wa nani. Ila juu yake ameandika wazi: Kwa Waefeso.

Kuhusu umri, mtaona mara nyingi “mwaka 200 hivi”. Hakuna tarehe iliyoandikwa. Ni makadirio kutokana na mwandiko, kwa hiyo katika kazi zenu andikeni kipindi, kwa mfano 175 hadi 225.

Vifupisho vya majina matakatifu jifunzeni mapema. Mungu, Bwana, Yesu na Kristo huandikwa kwa herufi chache zenye mstari juu, na asiyevizoea hukwama kila ukurasa.

Mkiwa tayari, nendeni Warumi. Sifa kwa Mungu tunazozisoma 16:25–27, humu zimewekwa mwishoni mwa sura ya 15, halafu salamu za sura ya 16 zinafuata. Baada ya salamu hizo unaanza Waraka kwa Waebrania, mbele ya Wakorintho.