Hospitali imejuaje nafaa kwenye utafiti?

Toleo lililopita tuligusia rekodi za wagonjwa kuhamia kwenye kompyuta, basi meseji zikamiminika, na karibu zote zinauliza kitu kilekile: inakuwaje natafutwa na watu wa utafiti wakati sijampa mtu namba yangu? Nimechukua nne.

SWALI: Habari za kazi dokta. Naumwa kisukari, natibiwa hospitali moja miaka yote. Juzi nimepata meseji yao inasema kuna utafiti wa dawa mpya ya sukari na mimi "naweza kufaa", kama niko tayari nijibu. Sijajaza fomu yoyote wala sijamwambia mtu. Hivi kuna mtu anakaa anasoma faili langu? Nimejisikia kama nimevuliwa nguo hadharani. (Mama Wawili)

JIBU: Nzuri tu Mama Wawili, na pole. Ngoja nikueleze kinachofanyika, maana mara nyingi sio kile unachokiwaza. Kila ukienda kliniki kuna vitu vinaingia kwenye visanduku vya sistimu, yani umri, jinsia, dawa, majibu ya maabara na namba ya ugonjwa (kisukari cha aina ya pili ni E11 kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10), alafu kuna maelezo ambayo daktari anayachapa tu kwa maneno yake. Mtafiti naye anakuja na masharti yake, tuseme anataka watu wa miaka 40 hadi 75, kisukari aina ya pili, kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimezidi asilimia 7.5, hawajaanza insulini, na figo ziko vizuri. Zamani nesi wa utafiti alikuwa anapekua mafaili ya karatasi moja baada ya jingine mpaka macho yanauma, siku hizi mtu wa data anayaandika hayo masharti kwenye kompyuta na yenyewe inachuja.

Sasa mchujo wa kwanza kwa kawaida unatoa idadi tu, wapo wangapi, bila jina la mtu. Na hapo ndo watafiti wengi wanashtuka, kwa sababu walidhani wagonjwa wamejaa tele, kumbe ukiweka masharti yote kwa pamoja wanabaki kiduchu, lile la figo peke yake linaweza kuondoa wazee kibao, basi wanarudi mezani kulegeza masharti au wanaongeza hospitali nyingine. Mi naona hii ndo faida kubwa ya hizi rekodi na wala haisemwi sana, maana tafiti nyingi zinachelewa au zinafungwa kabisa kwa kukosa watu, na bora ujue mapema kabla hela hazijaliwa na kabla wagonjwa wachache hawajachomwa sindano kwa utafiti ambao hautafika popote.

Kuona majina ni hatua nyingine, na hiyo inatakiwa iwe na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Sheria zinatofautiana nchi na nchi. Marekani, kanuni za faragha zilizotokana na sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 zinaweza kumruhusu mtafiti kupitia rekodi wakati anajiandaa na utafiti, ila haruhusiwi kuondoka nazo. England tangu 2018 mgonjwa anaweza kusema taarifa zake za siri zisitumike kwa utafiti na mipango, akishasema hivyo inabaki hivyo mpaka abadilishe mwenyewe.

Kwa hiyo inawezekana kabisa hakuna mtu aliyekaa kusoma habari zako, kompyuta ilikutoa kwenye mchujo, nesi au daktari wa palepale kliniki akahakiki, meseji ikatumwa. Ila kuna kitu kimoja sijakipenda. Wameandika "dawa ya sukari" wazi wazi kwenye meseji! Simu inashikwa na watoto, inashikwa na mwenzako, inakaa mezani kazini kioo kikiwa juu. Meseji ya kwanza inatakiwa iseme tu kuna utafiti ambao huenda ukakuhusu, piga namba hii au muulize daktari wako, basi. Hilo lalamikia, na ukipiga waulize nani ameona jina langu, kamati gani imetoa kibali, na nikisema sitaki mtaacha kunitafuta? Wakianza kujiumauma kwenye hilo la kwanza, achana nao.

SWALI: Shikamoo dokta. Nimeitwa kwenye utafiti wa homa ya ini aina ya B wakati mimi sina huo ugonjwa, au ninao na hawakuniambia? Silali. (Kijana, miaka 27)

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nenda kaonane na daktari wako wiki hii, na sikuambii hivyo kukutisha. Sababu iliyozoeleka ni hii: uliwahi kuagiziwa kipimo cha homa ya ini, na mtu aliyeagiza akaweka namba ya ugonjwa kwenye sistimu ili kipimo kikubalike na bima au maabara, majibu yakatoka huna, lakini ile namba hakuna aliyeifuta. Kompyuta haijui kuwa ulikuwa unapimwa ili kuutoa ugonjwa kwenye mashaka, yenyewe imeona namba ipo, imekuokota.

Kuna na kosa la maneno, hili linachekesha kama sio wewe limekupata. Daktari ameandika "hana homa ya ini", au "mama yake aliumwa ini", programu ya kizembe ikitafuta neno "ini" inawabeba wote. Programu nzuri zimefundishwa kusoma "hana" na kujua inazungumziwa mama na sio mgonjwa mwenyewe, ila hata hizo zinateleza, ndo maana lazima macho ya binadamu yapite kabla barua haijatoka. Kwako inaonekana hayakupita.

Lakini kuna uwezekano wa pili na siwezi kuuficha: labda majibu yalitoka unao na hakuna aliyekupigia. Ni nadra, ila hutokea. Kwa hiyo waambie wakufungulie majibu ya kipimo chenyewe mbele yako, sio ile orodha ya magonjwa, na kama ni kosa lisahihishwe palepale, usikubali kuambiwa "tutalishughulikia", maana usipolisahihisha utaendelea kuitwa na siku moja daktari mgeni ataliamini.

SWALI: Nikikataa si wataninunia pale kliniki? Mtafiti mwenyewe ndo daktari wangu.

JIBU: Hawaruhusiwi. Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha mwaka 1964 na kimelirekebisha mara kadhaa, linasema kukataa au kujitoa kusiharibu uhusiano wako na daktari. Ila najua kwenye karatasi ni rahisi kuliko kumwangalia usoni mtu anayekuandikia dawa, na kwa hali kama yako kinachotakiwa ni mtu mwingine asiye daktari wako ndo akueleze na kuchukua ridhaa. Omba hivyo, hawatashangaa. Na kumwambia "nitafikiria" alafu usirudi tena kwenye hilo suala ni jibu pia.

SWALI: Mi ni kinyume na wenzangu, nataka kujitolea, nina presha miaka mingi, mbona siitwi?

JIBU: Safi sana, watu kama wewe ni adimu. Pengine huonekani. Hizi rekodi zinamwona mtu anayeenda hospitali moja mara kwa mara na kupimwa kila mara, wewe kama presha unapima duka la dawa, kipimo kingine hospitali hii na kingine ile ambazo sistimu zao hazisalimiani, kwa kompyuta ni kama haupo, au upo vipande vipande. Hili ni tatizo kubwa kuliko wewe peke yako, kwa sababu dawa inakuja kujaribiwa kwa wenye bima na wanaohudhuria kliniki vizuri, alafu inakuja kutumika kwa watu wote.

Na hata ukionekana, bado kuna daktari katikati. Hospitali ya Cleveland Clinic kule Marekani waliwahi kujaribu njia hii: daktari akifungua rekodi ya mgonjwa anayeweza kufaa kwenye utafiti wa kisukari, kioo cha kompyuta kinamtolea tangazo palepale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Madaktari waliokuwa wanaelekeza wagonjwa kwenye utafiti walitoka 5 wakafika 42, na wagonjwa walioelekezwa kwa mwezi waliongezeka kama mara 10, lakini walioandikishwa kweli waliongezeka mara 2 tu. Unaona pengo hilo? Wengine wakihojiwa vizuri wanaonekana hawafai, wengine wanasikia ratiba ya kuja hospitali wanasema asante. Na matangazo yakizidi daktari anayafunga bila kusoma, na mi simlaumu, kila programu siku hizi inataka kumwonya kitu.

Kwa hiyo usisubiri kioo. Mwambie daktari wako kwa mdomo kuwa uko tayari kwa utafiti na omba akiandike hicho kwenye rekodi, sistimu nyingine zina kisanduku cha hilo kabisa. Angalia kama nchini kwako kuna orodha ya kujisajili mwenyewe, mfano wa Marekani ni ResearchMatch iliyoanza 2009, pale unajiandikisha na mtafiti hapati namba yako mpaka ukubali. Na hakikisha vipimo vyako vya presha na dawa zote unazokunywa, za asili zikiwemo, vimeingia kwenye faili la sehemu moja, maana ukiitwa hicho ndo kitu cha kwanza watakachouliza, na mtu anayeficha dawa za asili anaweza kuumia yeye mwenyewe kabla hajaharibu utafiti wa watu.