Mkiuliza "Mmeelewa?" Mtandaoni, Nani Anajibu?

Juma lililopita nilialikwa kusikiliza kipindi cha mwalimu aliyeanza karibuni kufundisha mtandaoni, naye akauliza "Mmeelewa?" mara tatu, akajijibu mwenyewe "Vizuri" mara tatu, kisha akaendelea na slaidi iliyofuata. Nilitamani kumkatiza, lakini nilikosa ujasiri wa kumsuta kwa kosa ambalo mimi ni fundi wake wa siku nyingi. Basi ninyi mnaoanza, wapendwa wangu wakaidi, nisikilizeni kabla hamjapakia andalio lingine.

1. Msihamishe kipindi cha dakika 80 kama kilivyo. Maelezo yawekwe kwenye video fupi, na muda wa kukutana mubashara ubaki kwa maswali na mazoezi. Zoom ya bure ikiwakatia dakika ya 40, msiilaani, kwani huenda imewahurumia wanafunzi.

2. Someni sehemu ya gumzo. Hapa ndipo nilipoumbuka. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, nilihamia mtandaoni na majivuno yote ya mtu aliyezeeka na chaki mkononi. Nilipofundisha kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili, chini ya alama ya kipeuo niliandika b² + 4ac, ilhali kila mwalimu wa hisabati anajua kwamba pale ni kutoa. Kwa bahati mbaya nilichagua mfano x² − 5x + 6 = 0, ambao kwa kosa langu ulitoa 49, kipeuo chake 7, na majibu safi kabisa: 6 na −1. Laiti ningepata desimali ndefu, ningeshtuka! Majibu halisi ni 3 na 2, na kama ningerudisha ile 6 kwenye mlinganyo ningepata 12 badala ya sifuri, lakini sikuhakiki, kwa kuwa darasani sikuwahi kuhitaji kuhakiki: ningekosea ubaoni, minong'ono ingeanza nyuma yangu kabla sijageuka. Mtandaoni hakuna mgongo unaonong'onewa. Nikauliza "Mmeelewa?", kukawa kimya, nikakichukua kimya kile kuwa ndiyo.

Wiki mbili baadaye nilisahihisha kazi zao, nikapiga mkasi mwekundu kwenye karatasi tisa mfululizo huku nikilalamikia uvivu wa kizazi hiki, hadi nilipofungua rekodi ili niwathibitishie kwamba nilifundisha sawasawa. Kwenye dakika ya 12, pembeni mwa skrini, mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika: "Samahani mwalimu, hapo si kutoa?" Hakujibiwa na mtu. Kazi yake ilikuwa miongoni mwa zile tisa, nayo ilikuwa na alama ya kujumlisha, maana alikuwa ameamua kuniamini mimi.

3. Msilazimishe kamera ziwashwe, kwa sababu picha hula bando kuliko sauti, na wapo wanaosubiri zamu ya simu ya nyumbani.

4. Badala ya "Mmeelewa?", toeni swali dogo ambalo kila mmoja atalijibu kwa kuandika, kisha nyamazeni. Mimi huhesabu hadi kumi kwa vidole chini ya meza, mahali ambapo kamera haifiki, na ingawa kumi hiyo huonekana ndefu kama kikao cha walimu, mara nyingi jibu la kwanza huingia nikiwa kwenye saba.