4,294,967,297 si namba tasa

Wasema 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. La, ndugu yangu, si tasa. Ni 641 × 6,700,417. Nimeizidisha kwa kalamu hapa Langoni, Lamu, na watoto ninaowafundisha hesabu jioni, ikatimia bila kubaki kitu. Kwamba yaishia na 7 na haigawanyiki kwa 3, 7, 11 wala 13 hakutoshi. Namba kubwa hivi lazima ijaribiwe mbali zaidi ya hapo.

Usione haya lakini. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1, na Fermat mwenyewe, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ni tasa. Mwanahisabati Euler ndiye aliyeigawa mwaka 1732. Uzuri wa njia yake, na hapa ndipo watoto walipopiga makofi: namba tasa yoyote inayoigawanya hii lazima iwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Basi huna haja ya kujaribu mamia. Jaribu 193, zabaki. 257, 449, 577, vilevile. Ya tano ni 641, nayo yaingia sawasawa. Majaribio matano tu!

Ila kama uliyoisoma ni 65,537, yaani 2 kwa kipeo cha 16 ukiongeza 1, hiyo kweli ni tasa. Hizo mbili huchanganywa sana kwa sababu zafuatana katika orodha ya Fermat, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila mara ukiongeza 1. Na 6,700,417 nayo ni tasa, kwa hivyo huwezi kuigawa tena.